Mjomba aliziita supu: nilivyochagua kamera ya chini ya maji hapa Tanga

Mimi kazi yangu picha. Nina kistudio kidogo Ngamiani, pasipoti, harusi, maulidi, mahafali ya chekechea, ndo maisha yenyewe. Kwa hiyo siku nilipoamua nataka kupiga picha chini ya maji nikajiona nusu ya kazi nimeshamaliza, kamera naijua, mwanga naujua, na kuogelea nimejifunza Raskazone toka mdogo. Nikajidanganya vizuri tu.

Mara ya kwanza niliazima GoPro ya rafiki yangu, kile kikamera kidogo cha michezo, ile inaingia maji mpaka mita 10 bila kuivalisha kitu. Nikaongozana na mjomba wangu, mvuvi wa Sahare, kwenye ngalawa yake, mwezi wa tano, masika ndo inaisha, na mimi sijui kitu nikaona bahari imetulia basi safi. Nikapiga picha kama 300. Jioni namwonyesha mjomba kwenye kompyuta, akasogea, akarudi nyuma, akavua miwani akaifuta, akaniuliza "Mjomba, hii supu ya nini?"

Kweli ilikuwa supu. Kijani mwanzo mwisho, kuna kivuli pale ambacho mimi nakumbuka kilikuwa samaki lakini huwezi kumwapia mtu.

Baada ya hapo nikafanya kosa ambalo naona wapiga picha wote tunalifanya, nikasema tatizo kamera. Nina DSLR yangu ya harusi, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, na lenzi ya 18-55, nikaanza kutafuta hauzingi yake, yaani lile boksi gumu la kuifungia kamera isiingie maji. Bwana weh. Kumbe hauzingi inatengenezwa kwa modeli moja tu ya kamera, kila kitufe kina kijiti chake kinachokifikia, ukibadilisha kamera hauzingi inabaki kuwa sufuria. Na bei yake inaipita kamera yenyewe, hapo bado kioo cha mbele unakinunua peke yake, bado taa, bado mikono ya kushikia taa. Nikapiga hesabu nikaona ni harusi za mwaka mzima na mke wangu hatanielewa. Ipo mifuko ya plastiki ya kutumbukizia kamera, kuna mtu mjini alikuwa anauza, nikaushika nikautazama ule mshono, nikaiangalia kamera inayolisha watoto, nikamwambia kaka asante.

Kilichonifungua akili ni kifuniko cha ndoo. Nilisoma kwamba maji yanakula rangi, na nyekundu ndo inaanza kuliwa, ukifika mita 5 hivi imebaki kidogo sana, afu inafuata ya machungwa, afu njano, mwisho unabaki na kijani na bluu. Nikasoma nikaitikia kama mtu anaitikia hotuba. Siku moja nikasema acha nione mwenyewe, nikachukua kifuniko chekundu cha ndoo, nikakifunga kwenye kamba yenye mafundo kila mita moja na jiwe chini, nikawa nazama nakipiga picha fundo kwa fundo. Mita 1 chekundu. Mita 2 kimeanza kupooza. Mita 3 kama damu ya mzee. Mita 5 nakuapia kilikuwa rangi ya udongo, ukiniletea picha ile bila kuniambia ningesema kifuniko cha kahawia. Hapohapo mita 5 nikawasha tochi, ile ya wazamiaji wa usiku, nikaisogeza karibu, kifuniko kikawaka chekundu kama kiko juu ya meza! Nilicheka na snoka, ule mrija wa kupumulia, mdomoni nikanywa maji.

Na kitu kingine ambacho hakikuniingia mpaka siku hiyo, zile mita 5 sio za kwenda chini tu. Maji ni maji. Ukiwa umezama mita 3 na samaki yuko mita 2 mbele yako, mwanga umetembea zote hizo kabla haujafika kwenye lenzi, ushaliwa. Ndo maana kuzuumu chini ya maji ni kupoteza muda, unavuta supu. Dawa ni kusogea. Mimi sa hivi kitu kikiwa mbali zaidi ya mkono wangu sipigi, labda kwa kumbukumbu.

Hapo ndo nikaanza kuuliza swali la maana, sio kamera gani nzuri, ila maji yangu yakoje. Zile picha tunazozionea wivu, kasa anaelea kwenye bluu na jua linapenya nyuma yake, zinapigwa kwenye maji ambayo unaona mita 20 au 30. Mimi naogelea kwenye ghuba ya Tanga, mito ya Zigi na Mkulumuzi inatuletea tope lake, siku za kawaida naona mita 4, siku nzuri labda 8. Lenzi pana ya kupiga mandhari mimi niipeleke wapi? Isitoshe maji yenyewe yanaibana lenzi, ukiwa nyuma ya kioo bapa vitu vinaonekana vimesogea kwa robo, kilichopo mita 1 unakiona kama kiko sentimita 75, na upana wa picha unapungua. Ukitaka upana wako urudi inabidi kioo cha mbele kiwe cha mviringo kama bakuli, domu wanaita, na hicho ndo kile kinachouzwa peke yake. Nikasema basi, mandhari tuwaachie wenye maji yao, mimi nitapiga vidogo. Kamba, kaa, viti vya pweza, konokono wasio na gamba wale wenye rangi kama vitenge, mkunga akichungulia kwenye shimo lake. Vitu vya ukubwa wa kidole, senti 10 kutoka kwenye lenzi, hapo hata tope halina nafasi ya kukaa katikati.

Ukishaamua hivyo kamera inajichagua. Nikatafuta Olympus TG-6 iliyotumika, nikapata kwa laki saba na nusu baada ya kubembelezana wiki mbili. Ni kamera ndogo ya mfukoni, ya 2019, inaingia maji mpaka mita 15 bila hauzingi, na mimi kwa pumzi yangu nazama 6, nikijikaza sana 7, kwa hiyo inanitosha na chenji. Inapiga faili za RAW, ambazo ndo unaweza kurekebisha rangi baadaye bila picha kuchanika. Na ina ile modi ya hadubini inayofokasi mpaka senti 1 mbele ya lenzi, kwa hilo tu naisamehe yote. Sensa ya kamera hizi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, ukipandisha ISO, ule wepesi wake wa kuona mwanga, picha inajaa chenga, kwa hiyo bila taa usijisumbue nayo.

(Na kabla hamjauliza, silikanti, yule samaki wa kale, sijampiga. Kila nikisema napiga picha bahari ya Tanga swali ni hilo. Hifadhi yake tunayo toka 2009 na wavuvi wamekuwa wakimnasa kwenye majarife ya papa toka 2003, lakini yule anakaa maji ya mita mia na ushei huko, mkimwona mimi nimempiga jueni nimeshakufa.)

Taa sasa, hapa nimeumia. Flashi ya kamera iko jirani kabisa na lenzi, ukiiwasha kwenye maji yetu inamulika kila punje ya tope iliyo mbele, picha inatoka kama mtu kamwaga unga wa sembe. Nilidhani lenzi chafu, nikaipangusa siku nzima. Kumbe taa inatakiwa ikae mbali na lenzi, pembeni, imulike kitu kwa ubavu, ili zile punje zilizo mbele ya lenzi zisipate mwanga. Nikaenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, akanikatia kipande cha futi moja na nusu, akakitoboa katikati nikafunga kamera, ncha mbili nikafunga tochi mbili za kuzamia, elfu arobaini kila moja. Skrubu akaweka za kawaida, wiki ya pili zimeshalia kutu, nikarudi akaweka za stenlesi.

Tochi nazo zina tatizo lake, mwanga unajikusanya katikati, kamba anakuwa na doa jeupe mgongoni kama kapigwa na radi. Hii niliimaliza bure. Nilikata dumu jeupe la mafuta ya kula, lile lenye ukungu ukungu, vipande viwili vya duara, nikavifunga mbele ya tochi kwa raba za mpira wa ndani wa baiskeli. Mwanga ukalainika, ukatanda. Mteja mmoja aliniuliza hiyo difyuza nimeagiza wapi nikamwambia imetoka kwa Mangi.

Kamera ya kwanza niliiua lakini, lazima niseme. Tulikuwa kisiwa cha Toten, betri ikaisha, nikafungua mlango wake palepale kwenye ngalawa na mikono mibichi, nikabadilisha, nikafunga, nikasikia klik, nikazama. Punje moja ya mchanga ilikaa kwenye ule mpira wa mlango. Punje moja! Nilipopanda juu skrini inacheza rangi, afu ikazima. Watu wakaniambia nitumbukize kwenye mchele, nikatumbukiza, lakini hata maji yakikauka chumvi inabaki ndani inakula nyaya, siku ya tatu nilipofungua kulikuwa na ukungu wa kijani kwenye vyuma. TG-6 ya pili nilinunua baada ya miezi sita. Sasa betri naijaza usiku, mpira wa mlango naukagua kwenye mwanga wa dirisha, unywele tu unatosha kukuliza, nafunga nyumbani na haufunguliwi mpaka nirudi. Nikirudi inalala kwenye ndoo ya maji ya bomba nusu saa kabla sijagusa chochote.

Na ratiba nilimwachia mjomba. Mimi nilikuwa naenda Jumapili kwa sababu studio imefungwa, yeye akaniambia bahari haina Jumapili. Bamvua, siku za maji makubwa, maji yanakimbia na kutibua kila kitu, usiende. Subiri maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo, na uzame yakiwa yanajaa, ndo yanakuja masafi ya nje. Na kaskazi inashinda kusi kwa mbali. Toka nifuate hilo picha zangu zimepona kuliko zilivyopona kwa pesa yoyote niliyotoa.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimpata mkunga kakenua, na kamba mdogo mwekundu anatembea mdomoni mwake anamsafisha, meno yanaonekana, na ule wekundu ni wekundu kweli. Mita 4, tochi zote mbili ubavuni. Nikaichapa kubwa nikampelekea mjomba. Akaitazama kimya kirefu, akasema huyo mkunga mkubwa, ungeniita nishuke na ndoana.

Sasa hivi kusi linavuma. Kamera iko kabatini na vipakiti vya kunyonya unyevu, na mimi nimeanza kuchanga hela ya flashi ya kweli, ile inayoongozwa na waya wa mwanga. Mjomba kasema Novemba.