Kabla Jua Halijazama

Nilipokuwa kijana najifunza useremala, tajiri wangu wa kwanza alinikalia na ujira wangu wiki tatu. "Njoo kesho," ndiyo ilikuwa kauli yake. Hakuwa amefilisika, maana mbao mpya ziliendelea kuingia karakanani. Mimi nilirudi nyumbani kwa njia za uchochoroni nisije nikakutana na wanaonidai.

Sisi Wayahudi tuna amri juu ya jambo hilo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24: kibarua alipwe siku ileile, jua lisizame hajapata chake, kwa kuwa ameutegemea ujira ule kwa roho yake yote. Leo nina vijana wawili. Jioni naweka randa chini, nanawa mikono, nawalipa. Mteja akichelewesha pesa, hayo ni yangu na yeye.

Wengi hudhani dini yetu iko sinagogi. Talmudi, kitabu chetu cha mijadala ya marabi, inasema mtu akifikishwa mbele ya hukumu, swali la kwanza ni kama alifanya biashara kwa uaminifu. La kwanza! Kusoma Torati kunaulizwa baadaye. Nalikumbuka swali hilo kila ninapounga mgongo wa kabati, upande utakaoegemea ukuta.

Kutoa tunakuita tzedaka. Ukilisikia neno hilo utakumbuka sadaka, na hukukosea, asili yao ni moja. Ila kwetu limeshikamana na tzedek, yaani haki. Torati ilimwamuru mkulima aache pembe ya shamba bila kuvuna, na Mishna, mkusanyo wa sheria zetu za mapokeo, ikaweka kima cha chini, sehemu moja ya 60. Pembe ile haikuwa hisani yake. Ilikuwa mali ya maskini.

Nami ni mmoja wa watatu tunaogawa fedha za kupa, mfuko wa wahitaji wa jumuiya yetu. Mishna inataka wakusanyaji wawili na wagawaji watatu, na nimeona kwa nini: fedha za watu zikikaa mkononi mwa mmoja, hata mwema hushukiwa, na mhitaji naye huishia kumnyenyekea huyo mmoja. Tunabishana sana sisi watatu.

Mwaka juzi alitujia fundi rangi aliyekosa kazi muda mrefu. Mwenzangu alitaka tumpe posho ya kila mwezi. Mimi nilimshikilia Maimonides, mwanachuoni wa karne ya 12 aliyepanga kutoa kwa daraja 8. Ya juu kabisa ni kumwinua mtu kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, asihitaji kuomba tena. Tukamkopesha bila riba, kama Torati inavyoagiza, akanunua ngazi na brashi, nami nikampa milango yangu aipake. Lakini nilikosea: nilitaja shida zake mbele ya mtu asiyehusika. Alipojua, hakunisalimu wiki nzima. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kumficha anayepokea ni nusu ya kazi yetu.

Ijumaa moja alipita kwetu kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa, akatumbukiza sarafu kwenye kisanduku chetu cha tzedaka. Sheria inamtaka hata anayeishi kwa tzedaka naye atoe. Nilitaka kumwambia amalize kwanza deni. Mke wangu akanishika mkono, nikanyamaza.