Siku mtandao ukikata: waya wa mita 20, betri na daftari

Watu wakisikia tunafanya mazoezi ya redio ya ridhaa kwa ajili ya majanga swali la kwanza ni lile lile, redio bei gani. Sikatai, redio ni hela, lakini mi nasema kila siku kwamba redio ndo sehemu rahisi kuliko zote. Redio unaweza ukaazima. Mtu anayejua kupokea ujumbe wa mwenzake na kuufikisha kama ulivyo, bila kutia chumvi na bila kudondosha neno, huyo humuazimi siku ya mafuriko, inabidi awe ameshaiva kabla.

Kwa ambao hawajui, redio ya ridhaa ni ya watu wa kujitolea wenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano (kwetu Tanzania ni TCRA), hairuhusiwi kuifanyia biashara, na kila mtu ana kolisaini yake, yani jina lake la hewani la herufi na namba, ya Tanzania inaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Wengi wanaipenda kwa ajili ya kuongea na nchi za mbali na ni raha kweli. Kikundi chetu sisi tumeamua kushika jambo moja tu, simu zikizima ujumbe utoke.

Na simu zinazima jamani. Mei 2024 tuliona mambo mawili ndani ya wiki mbili, tarehe 4 kimbunga Hidaya kikafika Mafia na mvua zake zikakata barabara ya kusini kule Somanga, Lindi na Mtwara wakabaki upande wao, alafu tarehe 12 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, nayo ikakatika na intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilishaifukia Katesh. Watu wanadhani mnara wa simu mpaka uanguke ndo uzime, hapana. Mnara unakula umeme, umeme ukikatika kuna betri, betri zikiisha kuna jenereta, jenereta inataka dizeli, dizeli inakuja na gari, gari linapita barabarani na barabara ndo hiyo imesombwa. Kwaiyo mnara unaweza ukawa umesimama wima hauna hata mkwaruzo na siku ya pili uko kimya kabisa.

Sasa mtu anakwambia si nina redio kol hapa, tutaongea. Redio kol ya mkononi ni wati 5, mawimbi yake yanakwenda moja kwa moja, ukiwa na mlima mbele yako au umbali wa Mafia mpaka Dar basi labda uwe na ripita juu ya kilima, mtambo wa kudaka sauti yako na kuirusha tena, na ripita nayo inakula umeme, tumerudi kule kule kwenye dizeli. Ndo maana tunakazania sana masafa ya chini, 7 MHz. Hapo antena ni waya wa umeme wa kawaida tu, mita 10 huku na mita 10 huku, katikati unashuka kebo ya kwenda redioni, unafunga kamba kwenye miembe miwili na kazi imeisha. Na tunaufunga chini makusudi, mita 3 mpaka 5 hivi, kwa sababu hatutaki mawimbi yatambae kwenda mbali, tunataka yapande juu wima, yagonge aionosfia, lile tabaka la juu kabisa la anga linalorudisha mawimbi, yarudi kama mvua juu ya eneo lote la kilomita mia kadhaa. Mlima unakuwa haumo njiani kabisa. Nimeshaona mtu wa bondeni, pale redio kol ilikuwa inatoa mikwaruzo tu, akafungiwa huo waya na akasikika safi mkoa wa pili kwa sauti ya kuongea tu, alikuwa anageuka geuka kuangalia nani yuko nyuma yake.

Usiku 7 MHz ikianza kufifia tunashuka 3 MHz na ushee, waya unakuwa mrefu karibu mara mbili. Shirikisho la kimataifa la wanaredio, IARU, kwa kanda yetu ambayo Afrika iko pamoja na Ulaya, limeweka 7.110 na 3.760 MHz kama sehemu za kukutania wakati wa dharura, na 14.300 kwa dunia nzima. Ziandike ubavuni mwa redio, usitegemee kukumbuka.

Betri nayo ina hesabu zake. Redio ya wati 100 ukibonyeza na kuongea inavuta mpaka ampea 20 hivi, ukisikiliza tu haifiki hata 2. Maana yake anayeongea sana ndo anayemaliza betri ya kituo, na kwenye janga hujui sola itapata jua lini. Tunapunguza nguvu mpaka wati 20 au 30, tunaongea kwa kifupi, tunasikiliza kwa muda mrefu.

Ila kitu ambacho naona hakisemwi na kinanikosesha usingizi ni hiki. Ukibonyeza kitufe na kuongea hapo hapo, redio inakuwa haijaanza kurusha, silabi ya kwanza inamezwa. Kwa Kiswahili mara nyingi silabi ya kwanza ndo imebeba ukanushi! Mtu anasema "hatuna maji", upande wa pili wanasikia "tuna maji". "Hawana dawa" inakuwa "wana dawa". Fikiria hiyo inaandikwa kwenye daftari, inapelekwa kwa mkubwa anayegawa magari, na magari yanaenda kijiji kingine. Kwaiyo kwetu ni sheria, bonyeza, pumua, ndo uongee, na kitu kinachokosekana unakitanguliza: "Maji hakuna. Narudia, maji hakuna." Hata neno la kwanza likimezwa hakuna kitakachogeuka.

Saa ni balaa la pili. Boti imeondoka saa tatu, ipi? Ya asubuhi au ya usiku? Alafu daftari la redio linaandikwa kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, ili hata wa nchi nyingine alielewe, na saa tatu asubuhi ya kwetu ni 0600 UTC. Tukakubaliana ndani ya ujumbe unaandika alivyosema mwenye ujumbe, na lazima utaje asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwenye safu ya muda ya daftari ni UTC peke yake. Hakuna kuchanganya.

Ujumbe wenyewe una namba, kiwango cha uharaka, nani kaandika, unakwenda kwa nani, na idadi ya maneno. Hiyo idadi watu wanaidharau mpaka waione inavyofanya kazi: aliyepokea anahesabu, akipata maneno 17 na wewe ulitaja 18 hatupokei kwanza, tunasoma herufi ya kwanza ya kila neno mpaka lililopotea lipatikane. Majina ya watu yanatajwa herufi moja moja. Na majina ya marehemu hatuyasomi hewani hata kidogo, masafa haya hayafichwi kwa siri yoyote, mwenye redio yake anasikia, na hakuna mama anayestahili kupata msiba kwa njia hiyo.

Kisa ambacho huwa nawasimulia wanaoanza ni cha visiwa vya Andaman, vya India lakini viko mbali na bara. Desemba 2004 timu ya wanaredio wa India, akiwemo mama Bharathi Prasad, ilikuwa Port Blair kwa shughuli ya kawaida ya redio, wanaongea na dunia. Tarehe 26 tsunami ikapiga, simu zikafa, na wao wakageuka kuwa njia ya kupeleka habari bara ya nani mzima na nini kinahitajika. Ni tsunami ile ile iliyofika mpaka kwetu na kuua watu kwenye fukwe za Dar. Wenzetu waliweza kwa sababu antena zilikuwa zimeshasimama na mikono imeshazoea.

Kwetu bado pengo kubwa ni kwa wanaotakiwa kuupokea ujumbe. Ofisi ya maafa ya wilaya wasipokujua leo, siku yenyewe utafika na karatasi yako getini na mlinzi hatakuruhusu kuingia. Tumeanza kuwapelekea barua na kuwaalika waje waone.

Zoezi linalofuata simu zote zinazimwa na kuwekwa kwenye mfuko, hata kupangana hakuna WhatsApp. Kila kituo kinapewa bahasha ya ujumbe, tutasogea pembeni kidogo ya 7.110 ili yenyewe ibaki wazi, na mwisho tunalaza karatasi iliyotoka na iliyofika pamoja, tunakagua neno kwa neno. Mwenye leseni karibu hewani. Ambaye hana leseni aje na kalamu, waandishi wa daftari ndo tunaowakosa zaidi.