Modi za Skyrim zimeninyima usingizi

Jamani mi nilidhani kuweka modi (vinyongeza vya gemu vinavyotengenezwa na mashabiki) kwenye gemu la Skyrim ni kazi ya dakika kumi, unadaunlodi, unabandika, unacheza. Weee! Juzi usiku nimemwaga modi 40 kwa mpigo moja kwa moja kwenye folda ya Data, kuwasha gemu nakuta nyumba za Whiterun, mji wa humo kwenye gemu, zambarau tupu kama zimemwagiwa wino, alafu SkyUI, ile modi ya menyu, nayo inanitolea "Error Code 1". Kumbe nilikuwa nawasha gemu kama kawaida badala ya kupitia skse64_loader, kiwashio cha SKSE, programu ambayo SkyUI inaitegemea, na ile zambarau maana yake gemu haijapata tekscha, yaani picha za kufunika kuta na vitu. Nikafuta kila kitu, roho inauma balaa.

Sa hivi natumia Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, yenyewe inaweka kila modi kwenye folda yake, ya gemu haiguswi, modi ikizingua natoa tiki tu basi. Naweka moja, nawasha, natembea kidogo hadi kijiji cha Riverwood, nikiona poa naongeza nyingine. Na seivu ya zamani, yaani gemu niliyohifadhi kabla, siigusi. Nimefika modi ya 6, wife ananiuliza we gemu lenyewe utaanza kucheza lini 😂