Usiku Tuliolala Wami

Mwaka 2012 nilikuwa utingo wa lobedi, lori lenye trela la chini la kubebea mitambo. Tulipakia kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, Dar es Salaam, tukipeleke Tanga. Mizani ya Kibaha tulipita salama: jumla yetu ilikuwa chini ya zile tani 56 za sheria. Shida yetu ilikuwa upana. Minyororo ya kijiko, ile kinayotembelea, ilitokeza nje ya trela kulia na kushoto, kwa hiyo tulitembea na kibali maalumu, vitambaa vyekundu na gari la kusindikiza. Kibali kilituruhusu kutembea mchana tu, mwisho saa 12 jioni.

Pancha ilitukalisha Msata. Tulipofika juu ya mteremko wa mto Wami, jua lilishazama.

Wanaopita siku hizi kwenye daraja jipya la 2022 hawalijui lile la zamani. Lilijengwa 1959, njia moja, halifiki mita 90, na kila upande kuna mteremko mkali. Roho za watu zimepotea pale.

Tajiri, mwenye gari, akapiga simu. Dereva wangu, mtu mzima, alimsikiliza hadi mwisho.

"Tajiri, saa zimepita. Na giza hili kingo sizioni."

Sauti ikapanda. Nilisikia neno "ufunguo".

"Ufunguo nitakukabidhi Tanga, tajiri," akasema, akakata simu. Tukalala chini ya trela, mbu wakatula hadi alfajiri.

Kulipokucha akanituma kamba. Tukaivuta juu ya kijiko toka mnyororo hadi mnyororo, akapiga fundo kila mwisho. Kisha tukashuka kwa miguu hadi darajani, tukaitandaza kati ya kingo. Kila upande kilibaki kiganja changu na vidole viwili. Akapima mwanzo, kati na mwisho, maana ukingo uliogongwa huweza kuinama kwa ndani.

"Tunaingia na gia moja, tunatoka nayo," akaniambia. "Breki sigusi. Ukikanyaga breki katikati, uzito wote unalisukuma daraja kwa mbele. Na tunakaa katikati, ili mihimili ya chini igawane mzigo. Wewe nitazame mimi, usitazame maji."

Gari la kusindikiza likafunga ng'ambo. Mabasi yalisimama, abiria wakachungulia. Nikatangulia kinyumenyume, mikono juu, macho kwenye minyororo. Lobedi ilitambaa kama kinyonga. Nilisikia sakafu ikitetemeka chini ya kandambili zangu, mtetemo mdogo uliopanda hadi magotini. Mahali pamoja mnyororo wa kushoto ulikaribia chuma. Nikainua kidole kimoja tu, naye akarudisha usukani taratibu.

Hakusimama hadi alipomaliza kupanda mlima. Nilimfuata mbio, nikamkuta kando ya barabara, shati limelowa. Nikaanza kukunja kamba.

"Usifungue hayo mafundo, mwanangu," akasema. "Kazi ikiisha tutarudi na kijiko hapahapa."