Karatasi sita, na ile ya mwisho hatuisomi

Huku Mombasa joto la siasa lishaanza na 2027 bado haijafika. Ukipita maskani jioni watu wamekaa na kahawa yao na mazungumzo ni yale yale, nani atamenyana na nani, nani yuko ndani ya serikali jumuishi ya Rais Ruto na upande wa Raila Odinga nani nje, na tangu Raila afariki Oktoba 2025 ndio kabisa, kila mtu ana hesabu zake za kura za Pwani zitaelekea wapi. Mimi napenda sana haya mazungumzo, naweza kukaa mpaka isha. Lakini hakuna anayeuliza, je MCA wetu, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, anafanya nini? Wengi hata jina lake hawalijui mpaka wafikirie kwanza. Na hapo ndipo naona tunaumia, sio kwengine.

Tukumbushane tu. Siku ya kura Kenya unapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, halafu mwakilishi wa wadi ambaye ndio huyo MCA. Ile ya rais mtu ashaamua miaka mitatu nyuma. Ya gavana na mbunge ana sababu zake. Ikifika ya wadi anatafuta alama ya chama tu anapiga tiki anaondoka, juu mpaka chini chama kimoja, na akiulizwa amemchagua nani anasema sijui nimempa mtu wa chama.

Angalia 2022. Matokeo ya rais tulikesha nayo. Tume ya uchaguzi iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye mtandao, vituo zaidi ya 46,000, na watu wa kawaida kabisa, mwenye duka, mwanafunzi, wakawa wanazipakua moja moja wanajumlisha wenyewe. Kura 7,176,141 za Ruto dhidi ya 6,942,930 za Raila, kuna watu mpaka leo watakutajia hizi namba bila kusoma popote. Makamishna wanne wa tume wakajitenga na matokeo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, Septemba 5 majaji wakaamua, na sisi muda wote tuko na redio sikioni. Ni jambo zuri, mimi silibezi, raia kuhesabu kura yake mwenyewe ni jambo kubwa sana ukikumbuka tulikotoka 2007, kura zilipobishaniwa mpaka damu ikamwagika. Ila sasa hebu niambieni nani kati yetu alifuatilia fomu za wadi yake? Nani anajua MCA wake alishinda kwa kura ngapi? Kuna wadi mtu anapita kwa kura chache tu, familia mbili kubwa zingeamka mapema siku ile matokeo yangebadilika.

Na Mombasa sisi tuna la kwetu. 2022 kura ya gavana hatukupiga siku moja na wengine, sisi na Kakamega, karatasi zilikuwa na makosa ya picha na maelezo ya wagombea ikabidi iahirishwe mpaka Agosti 29. Tayari Agosti 9, siku ya uchaguzi mkuu, tulikuwa kati ya kaunti zilizotoa watu wachache kabisa nchi nzima, chini ya nusu ya waliojiandikisha, wakati Kenya kwa jumla ilifika kama asilimia 65. Hiyo tarehe 29 ndio watu wakapungua zaidi. Na ile ilikuwa kura ya gavana! Mtu wa hospitali zako, barabara zako za mtaani, taka zako, soko lako, chekechea za watoto wako, maji yako. Rais ukimchagua ukimkosa, maji ya mfereji hayatoki kwake, katiba ya 2010 iliyapeleka kaunti.

Naelewa kwa nini watu wa Pwani wamechoka. Tumeahidiwa ardhi tangu babu zetu, kila uchaguzi hatimiliki zinatolewa kwa picha, halafu kimya. Kuna wakati vijana wetu waliandika ukutani Pwani si Kenya na hawakuwa wanacheza. Sasa mtu kama huyo ukimwambia apange foleni tangu alfajiri kumchagua mtu wa Nairobi, atakuuliza kwa lipi, na mimi jibu la haraka sina. Lakini ukimwambia kuhusu mtu wa hapa hapa, anayeswali msikiti mmoja na wewe, ambaye kwa mujibu wa sheria ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na kumuuliza gavana pesa zimekwenda wapi, hapo mazungumzo yanabadilika.

Manake watu wanawadharau MCA lakini nguvu wanayo. Mike Sonko alikuwa gavana wa Nairobi, mtu maarufu, pesa, vurugu zote mnazijua. Desemba 2020 waliopiga kura ya kwanza ya kumwondoa sio rais wala wabunge, ni MCA wa Nairobi, halafu Seneti ikathibitisha. Akaja huku kwetu 2022 akitaka ugavana wa Mombasa kwa tiketi ya chama cha Wiper, mabango yamejaa mji, na Julai Mahakama ya Juu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa halali, kwa hivyo debeni hakufika. Yaani kura ya MCA wa wadi za Nairobi, ambao huwezi kunitajia hata watatu kwa majina, ndio ilibadilisha uchaguzi wa Mombasa. Kiambu vile vile, gavana Waititu aliondolewa Januari 2020 kwa njia hiyo hiyo. Sasa wewe hiyo kura unampa mtu kwa mia tano?

Tuseme ukweli kuhusu hii mia tano. Wiki ya mwisho ya kampeni wanapita usiku, leso, unga, noti zimekunjwa. Mama wa watoto wanne ambaye siku hiyo hajauza mahamri hata sahani moja, siwezi kumhukumu akipokea. Achukue. Lakini kuna upande mwengine hatuuzungumzi, kwamba MCA akishapita sisi wenyewe tunamfanya benki. Mazishi MCA, karo MCA, harusi MCA, kijana kashikwa na polisi MCA, gesi imeisha MCA. Simu yake hailali. Mshahara wake hauwezi kubeba wadi nzima, kwa hivyo atazitafuta pesa mahali, na mahali penyewe ni kwa yule yule gavana anayetakiwa kumhoji. Halafu siku ya bajeti tunashangaa mbona amekaa kimya. Hakuna mtu anayemuuliza mtu anayemlisha, hilo hata nyumbani halipo.

Mwaka wa fedha 2025/26 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 415. Mombasa ina wadi 30. Makadirio ya bajeti yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na katiba inalazimisha wananchi washirikishwe. Tangazo linatoka gazetini, kikao saa tatu asubuhi siku ya kazi, wanaokwenda ni wale wale wanaojua kuna soda na nauli. Mwenye bodaboda yuko barabarani, mama yuko sokoni. Nataka hivi vikao vifanywe jioni, mtaani, baada ya alasiri, bajeti ya wadi ibandikwe ukutani kwa Kiswahili mtu asome mwenyewe. Hilo halihitaji sheria mpya wala bilioni, linahitaji MCA mmoja aliye tayari na watu hamsini wa kumsumbua.

Vijana nawaambia nyinyi zaidi. Juni 2024 mlisoma mswada wa fedha ukurasa kwa ukurasa, mkaueleza kwa video mpaka bibi zetu wakaelewa kodi ya mkate ni nini, mkaingia barabarani kuandamana, na wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu. Mswada ukaondolewa. Watu walioweza kusoma mswada wa nchi nzima wanashindwa vipi na bajeti ya wadi moja? Uandikishaji wa wapiga kura ulifunguliwa tena Septemba 2025, unaenda ofisi ya tume ya eneobunge lako na kitambulisho chako halisi, unaandikishwa, basi. Usingoje foleni za mwisho. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027.

Wanaotaka kiti cha wadi yetu washaanza kuonekana misibani na kwenye mechi za mtaa. Mimi nawauliza kitu kimoja tu kila ninapokutana nao, mwaka jana wadi hii ilipangiwa pesa ngapi na kilichojengwa kiko wapi, nikakione. Mpaka sasa wananiambia habari za rais. Kama kwenu yuko MCA anayeita watu akawasomea bajeti mwenyewe, iwe Changamwe, Kisauni, Kilifi, Kwale, popote, nitumieni habari zake, nataka kujua anaitisha vipi na watu wanakuja saa ngapi, ili na sisi tuanze kabla ya Aprili.