Ufunguo wa kufuli

Jamani, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Nilikuwa barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, nikikimbilia matatu, mvua imeshaanza. Kwenye baraza la duka lililofungwa, mama mmoja anatandika katoni, mtoto mgongoni. Nikamtambua kwa sauti. Aliniuzia sukuma wiki Mathare miaka mingi!

Mnakumbuka mafuriko ya 2024? Mto ulimbebea vyombo. Mwezi wa Mei ikatoka amri watu wahame mita 30 kutoka mtoni, tingatinga likamalizia. Akapanga chumba kwingine, lakini wateja aliwaacha kule. Kodi ikamshinda, akafungiwa mlango. (Huyo mwenye nyumba simsemi leo.)

Shingoni ana ufunguo kwenye kamba ya kiatu. Wa ile nyumba ya mabati iliyobomolewa. Unang'aa kwa kushikwashikwa.

“Huu siutupi, mwanangu.”

Nilikosa la kusema.

Muuza chai wa pale kona humwekea mizigo mchana, na uji wa mtoto hamtozi.

Nimeshaandikia chama chetu. Kodi ya mwezi mmoja tutachanga. Mtaji wa mboga je? Na nani anajua chumba cha bei nafuu Huruma au Kariobangi?

Niandikieni usiku huu.