Mtini wa bibi ulivyokubali kuzaa Lushoto

Bibi yangu anakaa Ngamiani, Tanga mjini, na nyuma ya nyumba yake pale pa kufulia kuna mtini mmoja wa siku nyingi sana, sisi wajukuu wote tumekulia chini yake. Unapata yale maji ya kufulia na jua la Tanga basi unazaa karibu mwaka mzima, hakuna anayeushughulikia. Bibi anaupenda mno, kila tini ikiiva lazima akukumbushe kwamba Mwenyezi Mungu kaapa kwa tunda hili, wattini wazzaytun, yaani naapa kwa tini na zeituni, usile huku umesimama.

2019 nikahamishiwa kufundisha Lushoto. Mkoa ule ule wa Tanga lakini ukishatoka Mombo na kupanda zile kona za Soni unakuwa nchi nyingine kabisa, uko mita kama 1,400 juu ya bahari, ukungu asubuhi, Julai watu makoti na masweta. Kule wanalima pichi, peasi na matunda damu, nikasema kama haya ya nchi za baridi yanakubali basi hata tini itakubali. Bibi akanikatia vijiti 6 vya unene wa penseli, urefu shibiri moja, akavifunga na gazeti bichi, akaniambia "mume wangu, ukiniulia hivi usirudi hapa". Nikacheka lakini nilijua hatanii.

Kuotesha haikuwa shida. Nilivichomeka kwenye viriba vya mchanga wa mto na samadi kidogo, macho mawili chini mawili juu, nikaweka kivulini nikafunika na nailoni. Viwili vikaoza, vinne vikatoa majani. Nikahamishia kwenye ndoo za rangi za lita 20 nilizotoboa chini, na mpaka Mei 2020 miche ilikuwa inanifika kiunoni, nampigia bibi simu kila Ijumaa kumpa habari.

Alafu ikaja Julai. Majani yakaanza kugeuka njano, yakadondoka moja moja, kufika mwisho wa mwezi nina vijiti vinne vitupu kwenye ndoo. Mi nikajua ni kiu au njaa, nikazidisha maji, asubuhi na jioni, na samadi juu. Ndo kosa lenyewe. Mmoja niliponusa udongo wake ulikuwa unanuka kama mtaro, nikauvuta ukatoka wote mkononi, mizizi imekuwa meusi na laini kama uji. Iliniuma sana, nilikaa wiki mbili simpigii bibi.

Nina binamu yangu anaishi Leeds, Uingereza, na yeye ana mtini kwenye poti. Nikamtumia picha, akanijibu kwa voisi noti ndefu: we mtu huo mti haujafa, umelala! Akaniambia kwao kila Novemba unabaki mifupa tu, anaukokota ndani ya banda la bustani mpaka baridi kali iishe, maji anaupa kidogo sana, udongo usikauke kabisa basi. Tini kubwa za kijani zilizobaki anazitoa, anaacha zile ndogo za ncha kama punje ya njegere, hizo ndo zitakazokua mwaka unaofuata. Akasema kwaruza gome kwa kucha, ukiona kijani ndani mti uko hai. Nikatoka na tochi usiku ule ule nikakwaruza yote mitatu. Kijani! Yaani sijui nikwambieje, nilisema alhamdulillah kwa sauti mpaka jirani akaniitikia.

Basi binamu akaniambia tena, kwenye baridi mtini unataka kuegemea ukuta, ukuta unakunywa jua mchana na usiku unaurudishia mti lile joto, na huko kwao wote wanasema ukuta unaotazama kusini. Nikafanya kama alivyosema. Nikapanga ndoo zangu upande wa kusini wa nyumba, nikasubiri. Vuli ikapita, majani yakaja membamba, vitini vichache vikatokea vikadondoka vikiwa saizi ya gololi. Julai 2021 baridi ikarudi, vijiti vitupu tena, na ule ukuta ukiugusa saa saba mchana ni baridi kama mtungi.

Nilichokuja kugundua nilikigundua kwenye swala. Siku hiyo jua lilikuwa limetoka vizuri, nikaswali adhuhuri uani. Sisi huku kibla iko karibu kaskazini moja kwa moja, sasa nimesimama nimeelekea kibla nikaona kivuli changu hakiko mbele, kimelala nyuma yangu. Yaani jua la Julai liko upande wa kibla! Nikamaliza kuswali nikabaki nimekaa kwenye mkeka nafikiria. Binamu yuko juu ya ikweta, jua lake la mchana liko kusini. Lushoto tuko karibu nyuzi 5 chini ya ikweta, na mwezi wa sita na wa saba jua limehamia kaskazini, kwa hiyo mimi mwaka mzima nimeiweka miti ya bibi kwenye kivuli cha nyumba kwenye miezi ile ile inayohitaji jua kuliko yote. Ushauri ulikuwa sahihi ila ni wa kwao. Nikazihamisha zote tatu siku ile ile nikazipanga kwenye ukuta wa kibla. Desemba jua linavuka kwenda upande wa pili lakini hewa inakuwa imeshapata joto, alafu ndoo zina faida hiyo, unazisogeza.

Na mambo mengine nikayarekebisha. Ndoo nilizipaka rangi nyeusi ili zivute joto, nikazipandisha juu ya matofali maana sakafu ya simenti asubuhi inalowa umande na baridi inapandia chini. Udongo nao nilibadilisha. Ule mwekundu wa huku unashika maji sana na una uchachu, wakati Tanga mjini chini ni mawe ya chokaa (mapango ya Amboni si ndo mawe hayo hayo), na mtini hauna ugomvi na chokaa. Nikachanganya udongo mwekundu ndoo moja, mchanga wa mto ndoo moja, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri nusu ndoo, na kila mti kikombe cha majivu ya jikoni. Masika inapoanza nazivuta chini ya upenu wa bati, la sivyo mvua inazijaza na majani yanapata kutu, vidoa vya kahawia kwa chini, nayaokota yote nachoma.

Agosti nikapogoa. Hapa naomba mnisikilize, vaa mikono mirefu. Ule utomvu mweupe ukikugusa ngozi alafu ukapigwa na jua unaunguza, mimi mkono wa kulia ulitoka malengelenge na alama ilikaa miezi. Septemba yakachipua matawi mapya kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kule ukuta wa kusini, kila tawi likifikisha majani matano au sita nakata ncha kwa kucha, mti unaacha kurefuka unaanza kufikiria matunda. Na kweli, Novemba kwenye kikwapa cha kila jani pakatokea kitufe cha kijani. Niliacha matano kwa kila mti mengine nikayatoa, inauma ila kwenye baridi ukiacha yote hayaivi hata moja.

Watu walinitia hofu eti tini lazima nyigu wake aingie ndani ndo ziive, bila huyo zinadondoka. Hiyo ni kweli kwa aina fulani kama zile za Smyrna kule Uturuki, lakini mtini unaoota kwa kijiti ni mti ule ule wa mama yake, na wa bibi umezaa miaka yote bila nyigu kuletwa na mtu, kwa hiyo hilo nikalitoa kichwani.

Kilichonisumbua zaidi ni kusubiri. Tini inakua haraka mwanzoni alafu inasimama, wiki na wiki iko vile vile, ngumu, kijani, unaibonyeza kama unabonyeza goti. Nilikata tamaa kidogo Januari. Binamu akaniambia ndo tabia yake, na akanifundisha kitu cha zamani sana cha watu wa Mediterania, kupaka tone la mafuta ya zeituni kwenye kile kitundu cha chini tunda likiwa limeshakomaa. Tini na zeituni! Nikajaribu kwa tatu za mti wa kwanza kwa kutumia kijiti cha masikio, na zile tatu zikatangulia wenzake, ndani ya wiki zikavimba ghafla karibu mara mbili, rangi ikaenda zambarau na michirizi myeupe ya ngozi kupasuka. Shingo ikalegea tunda likainama lenyewe. Asubuhi moja ya Februari 2022 nikakuta kwenye kitundu limetoa tone moja la asali, lina sisimizi mmoja anazunguka hajui aanzie wapi. Nililichuma, nikaligawa kwa vidole, ndani jekundu lenye mbegu kama mchanga laini. Nilikula nimekaa.

Usichume kabla ya hapo maana tini haiivii kabatini kama embe, ukiitoa mbichi inabaki mbichi. Ndege shore walijua hilo kabla yangu, wakanilia mbili, baada ya hapo kila tunda nikalivalisha kifuko cha neti.

Kumi nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake, nikaipakata kwenye basi kutoka Lushoto, Mombo, Korogwe, Segera mpaka Tanga, kwenye kona za Soni nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto. Bibi akachukua moja akaizungusha mkononi muda mrefu, akasema hizi ni ndogo kuliko zangu. Akala. Akachukua ya pili. "Ila tamu zaidi," akasema, "ndo baridi hiyo?" Nikamwambia naona ndo baridi, zimechelewa sana kuiva. Akazificha zilizobaki kwenye kawa ili wajukuu wengine wasizione.

Sa hizi miti bado mitatu, na mzee jirani yangu wa Kisambaa kaniomba vijiti, nimemkatia vinne tumevichomeka pamoja kwenye uwanja wake, na kabla ya yote nilimuuliza, shikamoo mzee, kibla kwako iko upande gani.